Kijana Akivuka Rufiji

Mvulana wa Masasi au Newala aliyechaguliwa kwenda kusoma Kiungani, Unguja, katika miaka ya 1880 na 1890, alishuka kwa miguu hadi pwani ya Lindi, akapanda chombo, na alipofika akapokewa na misheni ileile iliyomtuma. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani ndicho kilichokuwa kilele cha elimu kwa ukanda ule wakati huo. Humo walipikwa walimu na mapadri waliorudi bara kufungua shule chini ya miembe. Hata shirika lililokimiliki lilikuwa mtoto wa vyuo vikuu: UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu, ilizaliwa baada ya hotuba aliyoitoa David Livingstone Cambridge mwaka 1857. Leo kijana wa Newala aliyepangiwa Chuo Kikuu cha Dodoma anapanda basi alfajiri, anavuka Rufiji kwa daraja, na anasafiri zaidi ya kilomita 1,000 bila kukanyaga maji. Kwa masomo, safari yake ni nyepesi kuliko ya yule wa Kiungani. Lakini kama kijana huyo ana ADHD, ile hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtu ashindwe kushikilia jambo moja akilini, asahau miadi, aanze kazi kumi asimalize hata moja, au asitulie kitini, basi safari ya matibabu yake ni ngumu kuliko ya mwenzake wa karne ya 19 aliyekwenda na kidonda cha mguu. Anatoka mikononi mwa watu wanaomjua na kuingia mahali ambapo hakuna aliyeambiwa kwamba anakuja.

Jambo hili huelezwa kwa sababu mbili zilizozoeleka: madaktari bingwa wa akili ni wachache, na dawa hazipatikani. Sababu zote mbili ni za kweli. Hata hivyo historia ya matibabu katika Masasi na Newala inaonyesha kitu kingine. Watu wa nyanda hizi wamewahi kuona tiba ya muda mrefu ikifanikiwa kwenye vibanda vya udongo, bila bingwa hata mmoja, na wamewahi kuiona ikishindwa mahali ambapo dawa ilikuwa tele. Kilichotenganisha mafanikio na kushindwa, mara nyingi, ni makabidhiano: kama yupo mtu aliyemtoa mgonjwa, mtu aliyempokea, na kitu kilichopita kati yao kinachosema huyu ni nani, anatibiwa nini, na kimebaki nini.

Tuanze na desturi iliyojua makabidhiano kabla ya misheni wala serikali. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyetoka jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi na kukaa Newala mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Majimaji kuanza, akaandika kwa kirefu juu ya jando na unyago wa Wayao, Wamakua na Wamakonde. Wasomaji wengi wa maandishi ya aina hiyo huvutwa na ngoma, vinyago na nyimbo. Mimi navutwa na utaratibu. Mwari hakutupwa porini na kundi. Alikuwa na mtu mzima wa kumwangalia, aliyejulikana na wazazi kabla kijana hajaondoka nyumbani, na kazi ya mtu huyo ilikuwa ya kawaida kabisa: kidonda kisioze, chakula kifike, mafunzo yaingie. Siku ya kutoka, mwari alirudishwa mbele ya watu wote akiwa na nguo mpya na jina jipya. Kati ya utoto na utu uzima palikuwa na daraja, na darajani palikuwa na mtu aliyewajibika iwapo kijana angedhurika njiani. Misheni ilipofika ilifikiri kwanza kuvunja desturi hiyo. Vincent Lucas, aliyefika Masasi mwaka 1909 na kuwa askofu wake wa kwanza mwaka 1926, aliona kwamba kuivunja kungeacha pengo ambalo Kanisa halikuwa na cha kulijaza. Kuanzia mwaka 1913 likaanzishwa jando la Kikristo: kambi ikabaki, kungwi akabaki, msalaba na sala vikaingia, na mapadri Waafrika ndio waliobeba uzito wa kazi, kwa kuwa wao walijua jando kwa kulipitia na si kwa kulisoma. Kwa wasichana mambo yalikwenda taratibu zaidi na kwa mabishano mengi.

Tusiipambe desturi hiyo kupita kiasi. Kijana asiyetulia, anayesahau alichoambiwa asubuhi, anayeropoka wakubwa wanapozungumza, hakukuta huruma jandoni. Alikuta fimbo, na kama fimbo haikufaa alikuta jina baya lililomfuata mpaka uzeeni. Jando lilijua kumkabidhi kijana yeyote kwa ujumla wake. Halikujua kumkabidhi kijana huyu mmoja pamoja na shida yake. Tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo ni haki kusema kwamba nusu ya kwanza ya kazi ilikuwa imefanywa, nayo ndiyo nusu ambayo vyuo vyetu vya leo, vyenye mabweni ya maelfu, vimeipoteza.

Misheni iliongeza nusu ya pili, kwa sehemu, na kwa sababu ambayo si ya kujivunia sana: ilimiliki kila kitu. Shule ya Chidya iliyoanzishwa mwaka 1923, chuo cha Kiungani kilichohamia Minaki karibu na Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo ya 1920, zahanati za vijijini, hospitali ya Mkunazini kule Unguja, vyote vilikuwa chini ya paa moja la UMCA. Upande wa pili wa milima, Wabenediktini wa Ndanda, waliofika mwaka 1906, walikuwa na mtandao wao: seminari, shule, hospitali, makazi ya wakoma. Kijana aliyehama kutoka shule moja hadi nyingine hakutoka nje ya nyumba, alihama chumba. Na walikuwa wachache. Benjamin Mkapa wa Lupaso alipokwenda Makerere mwaka 1957, waliofika huko kutoka wilaya nzima ya Masasi walihesabika kwa vidole, na kila mmoja alijulikana kwa jina na mapadri waliomfundisha. Mfumo wa namna hiyo hauhitaji fomu, kwa kuwa kumbukumbu ya watu inatosha. Ubaya wake ni kwamba haumfikii asiyekuwa wa nyumba hiyo: Mwislamu wa kijijini, binti aliyeachishwa shule, mtoto wa mtu aliyegombana na padri. Na vita vilipokuja, Wajerumani walipowaweka kizuizini wamisionari Waingereza kuanzia 1914, mtandao ungekufa kama si mapadri Waafrika, akina Kolumba Msigala, walioendelea kuzunguka vijiji bila fedha. Makabidhiano yaliyokuwa yakitegemea shirika yaligeuka ghafla kutegemea watu wawili watatu waliojua nani yuko wapi.

Vita vilipokwisha sindano iliingia, na ikaleta fundisho la aina nyingine. Katika miaka ya 1920 ugonjwa wa buba, uliokuwa ukila ngozi na mifupa ya watoto wa Tanganyika, ulipata tiba ya sindano iliyofanya kazi kwa kasi ya kushangaza. Vidonda vilikauka kwa siku chache. Umati ukajaa kwenye zahanati, na umati huohuo ukatoweka baada ya sindano ya kwanza au ya pili, kwa kuwa ngozi ilikuwa safi na safari ilikuwa ndefu. Waganga walilalamika kwamba watu hawamalizi dozi. Ukitazama kwa jicho la mgonjwa, lawama hiyo ni nusu tu ya ukweli: hakuna aliyekuwa na kazi ya kumfuata kijijini na kumwambia kwamba ugonjwa umejificha tu. Dawa ilikuwa ipo, tena ya kutosha. Kilichokosekana ni uzi wa kuunganisha siku ya kwanza na siku ya thelathini.

Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyefika Lulindi, Masasi, mwaka 1935, aliupata uzi huo katika mazingira ambayo leo yangefunga hospitali. Majengo yake yalikuwa ya udongo na nyasi. Alifanya upasuaji humo, akafundisha vijana wa Masasi uuguzi, na akatunza wakoma ambao tiba yao haikuwa ya siku bali ya miaka. Ukoma ndio uliozifundisha Lulindi na Ndanda kazi ya kufuatilia. Mkoma hakuja na kuondoka. Alirudi, na kila aliporudi ilibidi mtu awe anakumbuka alikuwaje mara ya mwisho, ganzi imefika kidole gani, amekunywa nini. Wauguzi waliofanya kazi hiyo hawakuwa mabingwa. Walikuwa watu waliosoma miaka michache, waliojua kuandika daftari, na waliokaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

Lakini kwa maradhi ya akili hali ilikuwa kinyume kabisa. Mahali pa kwanza pa kuwaweka wagonjwa wa akili katika nchi hii palikuwa Lutindi, kwenye milima ya Usambara, palipoanzishwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Halafu Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Kwa mtu wa Newala, Dodoma ilikuwa mwisho wa dunia. Kati yake na Mirembe palikuwa na mto Rufiji, ambao kabla ya daraja la mwaka 2003 uliweza kuikata barabara ya kusini kwa wiki nyingi wakati wa masika, kiasi kwamba watu walingoja meli Mtwara. (Daraja hilo lilipewa jina la yule kijana wa Lupaso, akiwa rais wakati huo.) Mgonjwa hakupelekwa Mirembe kwa barua ya tabibu anayemjua kwa tabibu atakayempokea. Alipelekwa kwa amri, mara nyingi mbele yake hakimu na nyuma yake askari, na aliporudi, akirudi, zahanati ya kijijini haikuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kilichotokea. Kule hakukuwa kukabidhiwa, kulikuwa kuondolewa. Ndiyo maana mpaka leo mzazi wa Tandahimba au Newala akisikia mtoto wake aonwe na daktari wa akili, kitu cha kwanza kinachomjia ni pingu na ukuta. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imebadilisha mengi, na huduma zimeshuka hadi hospitali za mikoa, lakini kumbukumbu ya watu haibadiliki kwa tangazo la serikali.

Ushahidi mzito zaidi wa hoja yangu ni wa mwaka 1977. Mwaka huo Tanzania ilianzisha programu ya taifa ya kifua kikuu na ukoma, ikiyaunganisha maradhi hayo mawili, kwa ushauri wa Karel Styblo, mtaalamu aliyewahi kuugua kifua kikuu yeye mwenyewe katika kambi ya Wanazi. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa nani? Leader Stirling, yule wa Lulindi, aliyechukua uraia wa Tanzania, akaingia bungeni, na kushika wizara kuanzia 1975 hadi 1980. Sidai kwamba daftari la Lulindi ndilo lililozaa programu. Nasema tu kwamba serikalini alikuwepo mtu aliyejua kwa mikono yake maana ya kumfuatilia mgonjwa kwa miaka. Programu hiyo, ambayo Shirika la Afya Duniani liliichukua baadaye kama kigezo kwa nchi nyingine katika miaka ya 1990, haikuleta dawa peke yake. Ilileta kadi ya mgonjwa, rejista ya wilaya, mratibu mmoja kila wilaya mwenye pikipiki, na fomu ya uhamisho. Mgonjwa wa Masasi aliyehamia Dar es Salaam kuuza mitumba alipewa karatasi. Kituo cha Dar kikamwandika. Na kituo cha Masasi kilitakiwa kujua kama amefika au amepotelea njiani. Asiyefika aliitwa mtoro, akatafutwa. Tangu mwaka 2004, serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bila malipo, mtindo huo ukarithiwa: kadi ya kliniki, namba, barua ya uhamisho. Kijana wa Newala anayeishi na virusi akichaguliwa chuo Dodoma, njia yake imeshachorwa. Anaweza kuiacha kwa aibu au kwa uzembe, lakini ipo.

Sasa mweke kando yake yule mwenye ADHD. Hali hii si mpya duniani. Daktari George Still aliwaeleza watoto wa namna hii mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1902. Dawa ya methylphenidate ilitengenezwa mwaka 1944. Jina la sasa limetumika tangu 1987, na uchambuzi wa mwaka 2007 uliounganisha tafiti za nchi nyingi ulikadiria kuwa inawagusa watoto kama 5 katika kila 100. Wengi wao hawaiachi wakifikisha miaka 18. Kinachobadilika ni sura yake: mtoto aliyekuwa akikimbia darasani anakuwa kijana aliyekaa kimya huku akili yake inakimbia. Na chuo kikuu, kwa jinsi kilivyo, kinaondoa kila nguzo iliyokuwa inamshikilia. Nyumbani mama alimwamsha. Sekondari kengele ilimwamsha, mwalimu wa zamu akamfuata bwenini. Chuoni hakuna kengele. Kazi ya mwisho wa muhula inatolewa wiki ya pili na kudaiwa wiki ya kumi na nne, bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, linaingia kwa mkupuo na lazima ligawiwe kwa miezi, na mhadhara wenye watu mia tano hauna anayeona kiti kitupu. Anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, mwaka wa kwanza, anadisko, yaani anaondolewa chuoni, mwaka wa pili, na kijijini wanasema mji umemharibu.

Mlolongo wa tarehe ndio unaoumiza zaidi, na kwa mkoa wa Mtwara una sura yake. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Tangu 2013 wahitimu huitwa kambini JKT kwa wiki kadhaa katikati ya mwaka. Matokeo hutoka, maombi ya chuo na mkopo hufuata. Oktoba minada ya korosho inaanza, na ndiyo miezi ambayo nyumba nyingi za Newala na Masasi zinapata fedha za nauli na ada. Oktoba hiyohiyo, au Novemba, vyuo vinafunguliwa. Kwa hiyo kati ya siku kijana alipoonwa kliniki kwa mara ya mwisho na siku atakapoweza kuonwa tena mahali pengine panapita miezi mitano au sita ya kuhamahama: bweni, kambi, shamba, basi, bweni. Bima nayo ina mipaka ya umri na ya hadhi. Kadi ya mtoto inakoma, kadi ya mwanafunzi wa chuo inaanza baada ya kujisajili na kulipia. Na dawa yenyewe, kama bahati ilimpatia, si ya kununua dukani kwa kukumbuka jina. Methylphenidate imo katika jedwali la pili la mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa zinazoathiri akili. Mfamasia mwadilifu wa Dodoma hawezi kumpa kijana asiyemjua, asiye na cheti cha daktari, kwa sababu tu anasema aliipata Mtwara. Naye daktari wa Dodoma hawezi kuandika cheti hicho kwa uaminifu bila kujua nani aligundua tatizo, kwa vipimo gani, kwa kiwango gani cha dawa, na moyo wa kijana ulionekanaje. Kijana ambaye tatizo lake hasa ni kusahau, kuahirisha na kupoteza karatasi ndiye anayetakiwa kubeba historia yote hiyo kichwani.

Wapo watakaosema kwamba ADHD ni ugonjwa wa Wazungu, jina zuri la utukutu, na kwamba Masasi na Newala zimelea watoto watukutu tangu enzi za chifu Matola wa Newala bila vidonge. Pingamizi hili halipaswi kudharauliwa, kwa kuwa lina chembe ya kweli: kuna nchi ambako vidonge hutolewa kwa wepesi unaotia shaka, na Shirika la Afya Duniani lilikataa mara mbili, mwaka 2019 na 2021, kuiingiza methylphenidate katika orodha yake ya dawa muhimu. Lakini hoja ya makabidhiano haisimami juu ya vidonge. Kijana anaweza kuwa hatumii dawa yoyote na bado akawa na mengi ya kukabidhiwa: kwamba amechunguzwa, kwamba anafanya vizuri akipewa kazi vipande vipande, kwamba anahitaji kukaa mbele, kwamba aliwahi kuzama katika huzuni. Tena tusijidanganye kuhusu malezi ya zamani. Hatuna hesabu ya watukutu waliofaulu. Tunawaona waliobaki wima tu. Waliofukuzwa Chidya na Ndanda kwa kutotulia hawakuandika kumbukumbu zao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kifua kikuu na UKIMWI vilipata kadi, rejista na mratibu kwa sababu vinaambukiza, na wafadhili walilipa kwa sababu hiyo. Nani atalipia rejista ya watu ambao shida yao haimdhuru jirani? Jibu linapatikana mkoa wa Morogoro. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianza kliniki ya kifafa Mahenge, katika milima ya Ulanga, kwa wagonjwa waliokuwa wametengwa na jamaa zao kwa hofu. Dawa yake kuu ilikuwa phenobarbital, ya bei ndogo. Yeye aliondoka baada ya muda. Kliniki ikaendelea chini ya wauguzi wa misheni, na wagonjwa wakafuatiliwa kwa miaka mingi. Kifafa hakiambukizi. Hapakuwa na fedha za dunia nyuma yake. Palikuwa na daftari, siku maalumu ya kliniki, na muuguzi aliyejua majina. Gharama ya makabidhiano ni ndogo kuliko karibu kila kitu kingine katika tiba, na kwa hiyo udhuru wa umaskini, unaofaa kwa mashine ya MRI, hapa haufai.

La tatu linahusu siri. Kijana wa miaka 20 ni mtu mzima, na huenda hataki chuo kijue. Anaogopa kuitwa chizi na wenzake wa chumba, anaogopa kwamba karatasi hiyo itamfuata mpaka kwenye maombi ya kazi. Hofu hiyo ni halali, na baada ya historia niliyoieleza ya Mirembe, ni ya akili kabisa. Lakini kumkabidhi mtu si kumtangaza. Mgonjwa wa kifua kikuu haandikwi ubaoni. Barua hutoka kwa tabibu kwenda kwa tabibu, kwa ridhaa ya mwenyewe, na mwenyewe hubaki na nakala. Jandoni kila mtu alijua kila kitu. Kwa misheni padri alijua kila kitu. Kwa kijana wa leo inatosha watu wawili wajue, na awachague yeye. Hapa tunaweza kufanya vizuri kuliko mababu.

Wengine watasema tusubiri mabingwa waongezeke. Kwa nchi iliyohesabu watu 61,741,120 mwaka 2022, na ambayo madaktari wake wa akili wamejazana mijini, kungoja huko ni kwa kizazi kizima. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, Mtwara, ni hatua, na hospitali ya mkoa ya Ligula ipo siku nyingi. Lakini bingwa aliyeko Mtwara hana faida kwa kijana aliyeko Dodoma kama walichozungumza kimebaki kwenye faili la Mtwara. Wauguzi wa Lulindi hawakuwa mabingwa, na mratibu wa kifua kikuu wa wilaya si profesa wa mapafu.

Kipo tayari chombo ambacho kingeweza kutumika, na hakihitaji sheria mpya. Kila kijana anayejiunga na chuo kikuu hupewa pamoja na maelekezo ya kujiunga fomu ya uchunguzi wa afya, ambayo lazima ijazwe na daktari wa hospitali. Kila Septemba na Oktoba foleni za vijana walioshika fomu hizo huonekana katika hospitali ya Mkomaindo, Masasi, na katika hospitali ya Newala. Anapimwa damu, mkojo, choo, macho, pengine kifua, muhuri unagongwa, fomu inasafiri kwenye bahasha ya kaki hadi chuoni, inawekwa kwenye faili, na kwa kawaida haifunguliwi tena. Imetengenezwa kujibu kama kijana anafaa kusoma. Haikutengenezwa kumwambia mtu yeyote aendelee na tiba gani. Yule daktari wa Mkomaindo, anayekutana na kijana kwa dakika kumi, ndiye mtu wa mwisho wa afya kumwona kabla hajavuka Rufiji, na hakuna aliyemwambia kwamba yeye ndiye anayekabidhi.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wazazi wa Masasi, Newala na Tandahimba ambao wana kijana wa aina hii na wanasubiri majina ya waliochaguliwa. Msingoje wiki ya kufungua chuo. Mara tu matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, rudini kwa tabibu aliyemgundua, mwombeni barua yenye utambulisho wa tatizo, tarehe lilipogunduliwa, dawa na kiwango chake kama ipo, yaliyomsaidia na yaliyomdhuru, pamoja na simu ya kliniki. Pigeni nakala tatu: moja ibaki nyumbani, moja iwe ya kijana, moja iende kwenye hospitali iliyo karibu na chuo. Kijana akifika, wiki ya kwanza, kabla ya sherehe za kukaribisha wanafunzi wapya kumalizika, akaonane na zahanati ya chuo na mshauri wa wanafunzi, naye achague mwenzake mmoja wa kumkumbusha miadi. Na kwa wizara inayohusika: fomu ya uhamisho ya kifua kikuu imekuwa ikifanya kazi nchini kwa zaidi ya miaka 40. Badilisheni kichwa chake, ongezeni mistari mitano, ichapisheni kwa ajili ya vijana hawa.